Akina Mama wa Kanamkemer Watafuta Boma la Tovuti

Kilichomchoma Namuar moyo hata akajitosa kwenye mambo ya tovuti ni picha ya mnazi.

Mwishoni mwa mwaka 2012 sista mmoja alirudi Lodwar kutoka likizo Nairobi akiwa na kikapu alichonunua kwenye duka la watalii. Namuar alikigeuza mkononi, akatazama ukingo wake, akaona fundo la mwisho limelalia kushoto. Marehemu mama yake alikuwa mashoto, na Namuar alifundishwa kusuka na mkono huo huo. Hakuwa amemwona mtu mwingine anayemaliza ukingo hivyo. Kikapu kilikuwa chake. Lakini kwenye kijikaratasi kilichoning'inia palichorwa mnazi, na maneno yalisema kikapu hicho kimesukwa na akina mama wa Pwani. Namuar alikuwa na miaka thelathini na minane, hajawahi kuuona mnazi, wala hakuwa na haja nao.

"Huyu mtu amenizalisha kwingine," alimwambia sista. Sista akacheka. Namuar hakucheka.

Mwenye kijikaratasi alikuwa mfanyabiashara aliyefika mtaa wa Kanamkemer kila mwezi na pikapu, akakusanya vikapu vya majani ya mkoma vya akina mama ishirini na wawili, akaondoka navyo. Namuar ndiye aliyekuwa katibu wa akina mama hao, kwa sababu alifika darasa la nane na kwa sababu kalamu yake ilikuwa haipotei. Siku zilizobaki aliuza sabuni na kadi za simu kwenye kibanda chake. Mwenyekiti alikuwa Mama Akoru, mwenye shanga mpaka kidevuni, aliyefuga mbuzi hadi ukame ulipomfilisi. Hapo akaanza kusuka kwa hasira, na mpaka leo hajaacha kusuka wala kukasirika.

Mungu hamtupi mja wake. Mwezi wa pili alipita mgeni mmoja, Margit, mwenye duka huko Denmark, akala kwa akina mama, akanunua vikapu viwili na kuacha anwani ya barua pepe. Baadaye akaandika kwamba yeye na wenzake wenye maduka wangekutana Jumatatu moja katikati ya Aprili, saa tisa alasiri ya kwetu, na angewaonyesha ukurasa wa akina mama ukutani. Wakiupenda, wataagiza vikapu moja kwa moja, kila kimoja na jina la aliyekisuka. Wasipouona, basi, pikapu ya mnazi ilikuwa bado inapita kila mwezi. Namuar aliisoma barua hiyo mpaka akaikariri.

Wa kuitengeneza tovuti alipatikana upesi. Odongo alikuwa afisa wa kompyuta katika ofisi moja ya serikali mjini, mtu wa Siaya aliyehamishiwa Lodwar na kulilalamikia joto kwa miaka mitatu mfululizo bila kurudia maneno. Alizitengeneza kurasa nne kwenye kompyuta yake kwa ujira wa kikapu kimoja cha kumpelekea mkewe. Ikabaki kuchagua mahali pa kuiweka hiyo tovuti ili dunia iione. Odongo alidhani hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Alikuja kwenye mkutano wa kikundi na karatasi mbili, moja ya kampuni ya Nairobi na nyingine ya Marekani.

"Sasa hii website itakaa kwa nani?" Mama Akoru akauliza.

"Itakaa kwa seva, mama. Ni kompyuta isiyozimwa. Hawa watu wanakodisha nafasi ndani yake."

"Nimeuliza kwa nani."

"Kwa kampuni."

"Kampuni ni boma ya nani?"

Hapa inafaa tuseme jambo moja, maana Odongo hakulijua na ndiyo sababu aliteseka. Kwa wafugaji wa huku, mtu hamwachii mwenzake mbuzi wa kumtunzia kwa kusikia sifa tu. Kwanza huenda akalala kwake. Hutazama jinsi mwenye boma anavyowanywesha wanyama wake mwenyewe, jinsi watoto wake wanavyokula, na majirani zake ni watu wa aina gani. Kisha huuliza maswali, na asiporidhika huondoka na mbuzi wake bila kinyongo. Anayeacha mnyama kwa mtu asiyemjua anahesabiwa kuwa hana akili, na mnyama akipotea hakuna atakayekuja kumpa pole.

Odongo akasoma karatasi ya kwanza. "Hawa wa Nairobi wanatoa nafasi isiyo na mwisho."

Mama Akoru akatema tumbaku kando. "Hakuna malisho haina mwisho. Huyo ni muongo. Soma ingine."

"Wanasema pia seva yao iko hewani asilimia tisini na tisa nukta tisa."

"Na hiyo kidogo imebaki?"

"Hiyo ni kidogo sana, mama."

"Ni siku gani?"

Odongo aliigeuza karatasi kutazama nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Mtu anakuambia mbuzi yako itakunywa maji siku zote, isipokuwa siku moja, na hataki kusema ni gani," Mama Akoru aliwaambia wenzake. "Hiyo siku ndiyo mbuzi inakufa." Akina mama ishirini na mmoja wakaitikia kwa mguno mmoja.

Wakapiga simu Nairobi, simu ikawekwa sauti ya wote. Aliyepokea alikuwa binti mwenye sauti ya asali. Aliulizwa tovuti itakuwa na majirani gani, akaeleza kwa adabu kwamba kwenye mashine hiyo moja kuna wateja wengine kama mia nne, ila haruhusiwi kuwataja. Wanawake wakatazamana. Boma moja, mbuzi wa watu mia nne, na hakuna anayemjua mwenzake. Mama Akoru akauliza kama binti mwenyewe amewahi kulala hapo. Binti akasema yeye ni wa huduma kwa wateja, na baada ya hapo simu ikakatika, Mungu ndiye anayejua ni kwa upande upi.

Ya Marekani ilikuwa ya kuandikiana. Odongo akafungua kompyuta, akatokea mtu aliyesema anaitwa Kevin na kwamba yuko tayari kusaidia.

"Muulize baba yake ni nani," Mama Akoru akasema.

"Mama, hiyo hatuwezi."

"Andika."

Odongo akaandika, jasho likimtiririka. Kevin akajibu kwamba anafurahi sana kuwahudumia. Akaulizwa tena. Kevin akauliza kama swali lao limejibiwa kikamilifu. Akaulizwa ukame ukija atahamia wapi. Akatuma orodha ya bei, akawashukuru kwa muda wao, akafunga.

"Hana baba," Mama Akoru akakata kauli, na karatasi ya pili ikawashiwa jiko la chai.

Namuar alikuwa ameshika tama. Alijua Odongo anasema kweli, kwamba dunia nzima inaweka tovuti kwa watu wasioonana. Lakini alijua pia kwamba mwenye pikapu naye alikuja na karatasi nzuri na sauti ya asali, na hakuna aliyemuuliza anakoishi. Walijiuzia mbuzi kwenye gunia wenyewe, na mbuzi wakawa wao. Hakutaka kuwa mjinga mara mbili kwa jambo lile lile.

Aliyewapa njia ni binamu yake Aregae, dereva wa lori la mahindi la kwenda Kakuma. Alisema kule kambini kuna Msudani mmoja mrefu, Deng, mwenye dishi kubwa la setilaiti na mashine ya kutunzia tovuti za watu.

Odongo akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Madam Namuar, huyo ni mkimbizi ndani ya kontena."

"Ana mlango?" Mama Akoru akauliza.

"Mlango gani?"

"Ya kubisha."

Odongo akafunga kompyuta yake, na anayefunga kompyuta mbele ya Mama Akoru huwa amekubali. Wiki iliyofuata walipanda lori la Aregae watu watatu, Namuar, Mama Akoru na Odongo mwenyewe aliyelazimishwa, wakakalia magunia ya mahindi kilomita mia na ishirini pamoja na beberu wa zawadi aliyemtapikia Odongo kiatuni.

Deng aliwapokea mlangoni. Kontena lake lilikuwa na kutu nje na ufagio ndani. Aliletwa Kakuma mtoto mwaka 1992, na sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. "Ejok," akawasalimu kwa Kiturukana kabla hawajasema, na Mama Akoru akamjibu "Ejok noi" huku akiangalia miguu yake, kwa sababu kwake yeye miguu ndiyo husema mtu ametembea wapi.

Walionyeshwa kila kitu. Dishi lilinunuliwa kwa shirika lililokuwa linafunga virago. Jenereta lilipakwa rangi nyeupe, na Deng alikuwa ameliita Mabior, jina la fahali mweupe wa baba yake huko Bor. Mama Akoru alilipapasa mgongo jenereta lile, akauliza fahali alikwisha vipi. Deng akasema alichukuliwa siku ile walipokimbia. Mama Akoru akalipapasa tena, na Odongo akapata nafasi ya kufuta kiatu.

Seva yenyewe ilikuwa kisanduku cha bati chini ya meza, kimekalia tofali moja.

"Iko na joto," Mama Akoru akasema. "Ni homa?"

"Hapana, mama. Ni ya kazi tu."

"Majirani?"

"Ni tatu. Kwaya ya kanisa ya Waethiopia, duka ya simu ya Msomali, na yangu."

"Hiyo kwaya inaimba vizuri?"

"Jumapili wanaanza saa mbili. Utasikia mwenyewe."

"Na kiu ikikuja?"

Deng akaelewa mara moja, kwa sababu ni mtoto wa boma. "Kiu ya hii ni diseli ya Mabior. Ikipungua, nabeba seva napeleka kwa binamu yangu Riek, Kakuma Three. Yeye ana jenereta."

"Ikiisha kwa Riek?"

"Khalas, narudisha kwa mwenyewe ikiwa hai. Haitafia kwa mkono yangu."

"Mwenyewe ni Lodwar. Nyinyi mnaruhusiwa kutoka?"

Hapo Deng akageuka kutazama mlango. Mkimbizi hatoki kambini bila karatasi, na karatasi haitoki bila sababu. "Nitaomba karatasi," akasema mwishowe. Mama Akoru akaomba aonyeshwe mahali pa kulala.

Asubuhi, baada ya kula na kuisikiliza kwaya, alikata shauri kwamba tovuti itakaa hapo. Odongo alidhani mambo yamekwisha, akawa ametoa kompyuta ahamishe zile kurasa. Ndipo Mama Akoru alipofungua furushi lake na kutoa chuma cha kuchomea alama ya ukoo. Mali iliyoachwa kwa mtu lazima iwe na alama ya mwenyewe. Odongo alisema kwa sauti ya mgonjwa kwamba kwa miaka tisa kazini hajaona seva ikichomwa moto. Deng hakubishana. Alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa bati wa kile kisanduku, akaupeleka nje kwenye makaa. Rangi ikanuka mtaa mzima, alama ikashika, ubavu ukarudishwa mahali pake. Naye Namuar akatoa zawadi yake, kikapu kikubwa cha mikono miwili alichokisuka mwezi mzima, kwa sababu mali ya watu haiwekwi kwenye vumbi. Seva ilienea ndani bila kubana. Deng akasema humo itapumua vizuri zaidi.

Basi tovuti ikawa hai. Ilikuwa hewani Mabior akiwa macho, yaani saa tatu asubuhi hadi saa moja jioni, na Jumapili baada ya ibada.

"Website yenu inafungwa kama kinyozi," Odongo alilalamika.

"Na wewe ofisi yako inafunguliwa saa ngapi?" Namuar akamuuliza, na maongezi hayo hayakuendelea. Margit aliifungua mara mbili huko kwao, akaandika kwamba inapendeza. Namuar akaanza kulala usingizi wa kutosha.

Kisha ikaja mvua. Huku mvua hainyeshi kama kwa watu. Hukaa miaka ikitafutwa, ikija inakuja na deni lote. Siku tatu kabla ya Jumatatu ya Margit laga, yaani mito ya msimu, zilijaa, malori ya mafuta yakakwama, na Jumapili mchana Deng akapiga simu.

"Mama, maji imeingia kwa kontena. Imefika kwa tofali. Mabior amekunywa maji, hapumui. Kwa Riek ni hivyo hivyo."

Namuar akayakumbuka maswali yao yote. Walimuuliza habari za kiu tu. Wanawake ishirini na wawili, wenye maswali ya mababu na mababu, hakuna hata mmoja aliyefikiria kuuliza habari za maji.

"Naleta kesho," Deng akasema.

Odongo aliposikia alishika kichwa. Alieleza kwamba hata seva ikifika Lodwar salama haitafunguka kesho, kwa kuwa anwani yake imefungamanishwa na lile dishi, na kuibadilisha ni kazi ya siku kadhaa. "Mwambie asijisumbue," akasema. Namuar akapiga tena, akamwambia.

"Najua haitafunguka, mama," Deng akajibu. "Lakini nilisema narudisha."

Namuar akamwandikia Margit kuomba siku nyingine. Hakujibiwa. Jumatatu alitaka kujifungia kibandani mwake alie peke yake, kwa kuwa aliona wazi kwamba mnazi umeshinda, na kwamba ni yeye aliyewaongoza wenzake mpaka hapo. Mama Akoru hakumruhusu. Mtu akikurudishia mnyama, unatoka kwenda kumpokea njiani, usipotoka umemtukana. Basi wakapanda tena lori la Aregae, hadi kwenye laga kubwa iliyo nusu ya safari, karibu na kilima chenye mlingoti wa simu.

Maji yalikuwa ya kahawia, mapana hatua sitini, na ng'ambo alisimama Deng na kikapu kichwani, pikipiki iliyomleta ikimngoja nyuma yake. Sauti haikuvuka kwa mngurumo ule, kwa hiyo wakapigiana simu huku wakitazamana.

"Karatasi ulipata?" Mama Akoru akauliza.

"Nilipata. Fomu ilikuwa na hospitali, shule, matanga na mifugo. Karani akasema seva haiko. Nikamwambia ni mali ya watu nilikuwa natunza, na maji imeiingilia. Akafikiria, akaandika mifugo, moja. Lazima nirudi kabla ya saa kumi na mbili."

Saa tisa kamili simu ya Namuar ikalia. Ilikuwa barua ya Margit, fupi. Wamekaa watu tisa mbele ya ukuta, ukurasa haufunguki, uko wapi?

Namuar alijua la kujibu. Kila ofisi ya Lodwar ina jibu hilo: samahani, mtandao una shida. Aliliandika. Kisha akatazama ng'ambo, akamwona yule mtu amesimama na mzigo wake, akalifuta, kwa sababu uongo mdogo wa kijikaratasi ndio uliomfikisha hapo. Akaandika: "Uko mbele yangu, ng'ambo ya maji, kichwani kwa Deng. Maji yakipungua atanikabidhi." Akapiga picha kwa simu yake ya Kichina, akaituma. Picha ilichukua dakika ishirini kuondoka. Maji hayakupungua hata kidole.

Jibu likaja. Margit alisema wameitazama picha hiyo ukutani, wakacheka sana, halafu mmoja akauliza: hicho kikapu kilichobeba mashine ni cha nani?

"Ni changu," Namuar akaandika. "Fundo la mwisho linalalia kushoto. Mama yangu alikuwa mashoto."

Wakataka mia nne, kila kimoja na jina la aliyekisuka.

Namuar akaketi mchangani, akalia hadharani, bila kujificha. Alimpigia Deng kumweleza. Deng akainua mkono mmoja juu, wa pili ukishikilia kikapu. Akasema saa zake zinakwisha na maji bado, basi seva ikalale kwake tena siku chache, mahali pa juu zaidi. Wakamtazama akipanda pikipiki na kuanza kurudi Kakuma, na alama ya ukoo wa Mama Akoru ikionekana kidogo juu ya ukingo wa kikapu.

Mama Akoru alisimama kando yake. Alikuwa anatafuna tumbaku yake.

"Mia nne," akasema. "Zitakaa kwa nani?"

"Kwa Margit, mama. Na wenzake."

"Huyo Margit alikuja hapa, akala kwetu, akaona majirani. Sisi tumeona kwake?"

Namuar akainuka. Akamtafuta Deng kwa macho, lakini alikuwa ameshakuwa mdogo sana huko barabarani. Akapangusa uso kwa kanga, akaichukua simu, akaandika: "Margit, asante sana. Kabla hatujaanza kusuka, akina mama wanataka kuja kulala kwako."